Harufu ya Ghala la Sultani

Lori lilikuwa mita mia mbili mbele yake, na lilikimbia kuliko lori lenye mahindi linavyopaswa kukimbia.

Mideva aliingiza gia ya tatu. Land Rover ikanguruma. Vumbi jekundu la Malava lilifunika kioo, akalifuta kwa waipa, likarudi.

Saa mbili na robo asubuhi. Ijumaa, mwezi Machi, 1964.

Lilikuwa Bedford la kijani, lenye turubai jeusi. Namba ya nyuma haikuwepo. Lilipakia alfajiri kwenye stesheni ya Butere, likapita Kakamega mjini bila kusimama, na sasa lilielekea kaskazini.

Kwenye kona ya daraja liliyumba. Gunia moja likachomoka chini ya turubai, likaanguka barabarani, likapasuka.

Mideva akakanyaga breki.

Lori likapotea kilimani. Alijua litaendelea hadi Likuyani, kwa kuwa njia ile haikuwa na ghala lingine la kupokea mzigo mkubwa namna hiyo. Alichotaka kwa sasa ni gunia.

Alishuka akiwa na bambo mkononi. Kitambulisho chake kilisema yeye ni Mkaguzi wa Nafaka, na bambo ndiyo silaha ya mkaguzi: chuma chenye ncha na mfereji, unakichoma kwenye gunia, unakichomoa na punje za ndani kabisa. Kitambulisho hakikusema kwamba chini ya mizani, kwenye mfuko wake wa ngozi, kulikuwa na bastola ndogo ya Beretta, wala kwamba redio ya Pye iliyofichwa chini ya kiti haikuwa mali ya idara ya nafaka.

Akachoma. Akachomoa. Akanusa.

Akarudisha uso nyuma, kisha akanusa tena.

Ilikuwa harufu ya kitu kilichokufa mara mbili. Nzito, yenye chumvi, inayong'ang'ania kooni. Punje ziling'aa kwa mafuta. Alipozitawanya kwa kidole, chuma chembamba kilimgusa ukucha.

Risasi.

Akarudi garini, akachukua simu ya upepo.

"Kinu kwa Mnara."

"Mnara. Sema."

"Nimepata gunia. Mahindi, risasi moja ya Kiitaliano, na mafuta ya papa."

Redio ikakwaruza.

"Rudia la mwisho."

"Mafuta ya papa."

"Bahari iko safari ya siku mbili kutoka hapo ulipo. Una hakika?"

"Niliyanusa miezi mitatu mfululizo. Nina hakika."

"Basi ni bunduki za Ghala."

"Ndizo."

"Kesho saa nne wanagawa barua za viwanja Likuyani. Familia mia tatu, uwanja mmoja. Zipate kabla ya hapo. Na polisi wa huko usiwaguse. Hatujui nani anakula na nani."

"Nimesikia. Kinu anafunga."

Akafunga. Akanawa mikono kwa maji ya debe, kisha akanawa tena.

Ghala la Sultani lilikuwa Mombasa, hatua chache kutoka bandari ya zamani. Mwaka uliopita, kabla ya Uhuru, Mideva alipelekwa huko kama karani wa kunakili orodha. Mtunza ghala alikuwa mzee mmoja mkavu aitwaye Shekuwe, ambaye baba yake na babu yake walishika funguo zilezile.

"Mwanangu," alimwambia siku ya kwanza, "nyumba hii haikujengwa kwa ajili ya bunduki. Ilijengwa kwa ajili ya tende."

Akamsimulia yote polepole. Liwali wa Sultani alijenga ghala la mawe ya matumbawe, akaweka tende, kamba za meli, matanga na lami. Kisha wakaja wapinzani kutoka bara na kutoka baharini, na katikati ya tende yakaingia mapipa ya baruti. Baada ya baruti zikaja gobori. Baada ya gobori, minyororo, ambayo mzee aliitaja bila kuinua macho. Waingereza walipolitwaa walichonga taji juu ya mlango, lakini mwezi mwandamo wa Sultani hawakuufuta. Kila sanduku lililotoka humo lilipigwa chapa mbili: mwezi na taji. Vita vya Wajerumani vilijaza ghala, vikalitapisha. Vita vya Waitaliano vikaleta bunduki aina ya Carcano, zilizotekwa Abisinia mwaka 1941, na hizo hazikuondoka tena.

"Chuma hapa huliwa na hewa," Shekuwe alisema. "Wazungu walileta grisi yao kwenye makopo. Ikayeyuka, ikamwagika. Sisi tuliendelea na yetu."

Yao ilikuwa maini ya papa, yanayochemshwa uani kwenye sufuria kubwa hadi mafuta yaelee. Kila Alhamisi walisugua bunduki kwa makumbi ya nazi, mti na chuma pia. Miaka mia moja ya Alhamisi. Kuta zenyewe zilinuka. Bunduki ya Ghala ungeijua gizani, umefumba macho.

Mwezi mmoja kabla ya Uhuru ilitoka ripoti: Carcano themanini, kuukuu, zimetupwa baharini nje ya miamba. Ilitiwa sahihi na Kapteni Denholm Crake.

Shekuwe aliisoma ripoti hiyo, akaikunja, akamrudishia Mideva, akatikisa kichwa.

Ghala la ushirika la Likuyani lilikuwa banda la mabati, zamani mali ya setla. Bedford la kijani lilisimama ubavuni, tupu. Mlangoni kulikuwa na foleni ya wanawake wenye vikapu. Wakulima hawa walikuwa wageni wote. Walifika na godoro na jembe miezi michache iliyopita, na hadi mavuno ya kwanza walikula mahindi ya ghala hili, kwa kipimo.

Mwenyekiti wa ushirika alitoka kumpokea. Hezekiah Shitanda, mzee wa kanisa, suti ya kijivu, Biblia kwapani, peremende mdomoni. Mkono wake ulikuwa laini na wenye unyevu. Mideva aliuachia mapema.

"Karibu, Bi Mkaguzi, karibu sana. Ungetuarifu tungekuchinjia kuku."

"Sikuja kula, Mwenyekiti. Nimekuja kunusa."

Foleni ikacheka. Hezekiah naye akacheka, lakini kwa meno tu.

Ndani, juu ya sanduku, aliketi mzungu mnene aliyekuwa akimenya yai la kuchemsha. Maganda aliyatupa juu ya mahindi. Kiini kilikuwa kimemganda kwenye sharubu.

"Kapteni Crake," Hezekiah alisema kwa upole. "Mshauri wetu wa kilimo. Wenzake wameenda kwao, yeye amebaki. Anatupenda."

Crake hakusimama. "Wewe nataka nini hapa?"

"Magunia."

Akachoma la kwanza. La tano. La kumi. Kila mara bambo ilitoka ikinuka uvundo uleule. Waliokuwa wamepanga mpango huu walileta masanduku kwa treni yakiwa yameandikwa papa mkavu, na hapo hawakukosea. Mwenye pua angeridhika. Kosa lao lilikuwa hapa. Watu wa bara, wasiojua mafuta ya pwani, walifikiri ni uchafu wa safari tu. Wakafukia masanduku chini ya mahindi wiki mbili. Mahindi yakanywa.

"Harufu hii ni ya nini, Mwenyekiti?"

"Dawa ya fukusi."

"Inaitwaje?"

Hezekiah alimtazama Crake. Crake aliingiza yai zima mdomoni.

"Ni dawa ya kizungu," Hezekiah alisema.

Mwanamke mmoja kwenye foleni, Navalayo, mwenye mabega ya mkulima wa jembe, alipaza sauti. "Dawa gani hiyo, Mwenyekiti? Mbwa wangu ameokoka! Ukimtupia obusuma, ugali wa unga wako, anafumba macho kama anaomba!"

Kicheko kikafika ndani. Mideva hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye kona ya nyuma, kwenye rundo la mbao za kuni. Mbao za masanduku. Juu ya ubao mmoja, mwezi mwandamo na taji.

Masanduku yamevunjwa. Bunduki zimekwisha kutoka.

Masanduku mapya, madogo, mazito, yaliyoshushwa asubuhi hii, yalikuwa chini ya makalio ya Crake. Risasi. Lakini risasi bila bunduki zingempa Crake sababu ya kucheka mahakamani. Alihitaji muda, na sababu ya kubaki.

Akatoa kitabu cha amri, akaandika, akapiga mhuri. Kisha akasoma kwa sauti ili foleni isikie.

"Mahindi yote yaliyotoka ghala hili wiki mbili hizi hayafai kuliwa. Kila mwenye gunia nyumbani alirudishe hapa kesho, kuanzia saa mbili asubuhi. Litabadilishwa."

Aliona mabega ya Hezekiah yakishuka kwa nafuu. Amri ile ingemwondolea maneno ya wanawake.

"Serikali imesema," Hezekiah alisema, akifungua mikono. "Sisi ni nani?"

Kiwanja namba arobaini na moja kilikuwa cha shemeji yake Mideva. Barasa alikuwa amemwoa Jescah, dada mkubwa wa Mideva, na kesho angepokea barua ya kiwanja hicho, ardhi ya kwanza ambayo ukoo wao ungekuwa nayo kwa karatasi. Jescah alijua kwamba mdogo wake hukagua nafaka. Hakujua zaidi.

"Nimekuchinjia ingokho," Jescah alisema mlangoni, akimkumbatia. "Mtetea mwenyewe. Kaa. Usiangalie nyumba, bado tunajenga."

Chakula kikaja. Kuku alinukia vizuri. Obusuma ilinuka Mombasa.

Watoto watatu walikaa kando ya ukuta, wamefunga midomo.

"Inanukanga hivyo," Jescah alisema taratibu, machozi yakimlenga. "Wiki mbili sasa. Huyu mdogo anatapikanga kila jioni. Naosha mahindi, naanika, narudia. Lakini tutakula nini, Mideva? Tutakula udongo?"

Mideva alimega tonge, akachovya mchuzi, akatia mdomoni. Akameza. Lilishuka kama kidole cha maiti. Akamega la pili, kwa sababu dada yake alikuwa akimtazama.

Kisha Barasa akanyoosha mkono kuchukua mchuzi, na harufu ikawa kali zaidi.

Haikutoka kwenye sahani.

"Shemeji," Mideva alisema, "umenawa mikono?"

"Nimenawa."

"Mara ngapi?"

Barasa alirudisha mkono. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye aibu. "Mara tatu."

"Na bado."

"Bado."

"Twende unionyeshe."

Hakuuliza aonyeshe nini. Nyuma ya nyumba, ndani ya kihenge kitupu, alifunua majani ya ndizi, blanketi, kisha chuma. Carcano. Mwezi na taji kwenye kitako.

Jescah aliwafuata. Alipoona, alishika mdomo.

"Nani alikupa?" Mideva aliuliza.

"Mwenyekiti. Nilimpa mtamba wetu."

"Uliniambia mtamba amepotea!" Jescah alisema.

"Nilikuwa nifanye nini, mama watoto? Mwenyekiti alikuja hapa, akapiga magoti, akaomba. Akasema wale wa ng'ambo ya mto wameletewa bunduki. Kwamba siku ya barua watatufukuza, tutarudi kwetu na godoro kichwani. Akasema risasi tutapewa kesho mapema, hapo ghalani. Akalia, Jescah. Machozi kabisa."

"Wa ng'ambo ni nani?" Mideva aliuliza.

"Akina Kibiwott."

"Kibiwott ambaye jembe lake la ng'ombe liko hapo mlangoni pako?"

Barasa alitazama jembe kama ameliona leo.

"Beba hiyo," Mideva alisema. "Tunakwenda kumrudishia jembe."

Walivuka mto saa tisa mchana, wakaacha gari ukingoni. Kibiwott aliwaona wakipanda, akaona kitu kirefu ndani ya blanketi, akaingia nyumbani. Alipotoka alikuwa na Carcano begani, mdomo wa bunduki ukimtazama Barasa kifuani.

"Simama hapo, jirani."

Barasa akavuta blanketi. Sasa midomo ilikuwa miwili.

Mideva aliingia katikati. Hakutoa Beretta. Alinyoosha mikono yote miwili, viganja wazi.

"Mzee Kibiwott, nani alikwambia Barasa ana bunduki?"

"Mwenyekiti."

"Alipiga magoti?"

Kibiwott alipepesa macho. "Alipiga."

"Akalia?"

"Akalia. Hata mimi nikalia."

"Nyoosheni mikono yenu. Mmoja anuse wa mwenzake."

"Nini?"

"Nuseni."

Mke wa Kibiwott, Jelagat, alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi. "Fanya vile mama anasema!" alimkemea mumewe. "Mimi nimenusa wiki mbili. Huyu mtu amelalanga na mbuzi, na mbuzi wamelalamika!"

Kibiwott akasogea hatua moja. Barasa moja. Wazee wawili, bunduki kwapani, wakainama kama wanaosalimiana na askofu, kila mmoja pua juu ya kiganja cha mwenzake.

Wakanusa, wakanusa tena.

Kibiwott ndiye aliyeinuka kwanza. Uso wake ulikuwa umekunjamana kwa kinyaa, na haikuwa harufu peke yake.

"Ulilipa nini?" aliuliza.

"Mtamba."

"Mwekundu? Doa jeupe hapa?"

"Huyohuyo."

"Yuko na wangu. Niliwaona juzi, ua wa mwenyekiti. Wanalambana shingo."

Barasa alitema mate chini. Kibiwott akatema pia. Jelagat akaweka mwiko begani, akasema neno kwa lugha yao ambalo halikuhitaji kutafsiriwa.

Mideva sasa aliiona picha yote. Arobaini upande huu, arobaini upande ule. Kesho saa nne, uwanja umejaa, mlio mmoja kutoka popote, na kila upande ungeamini ni wa mwenzake. Jioni kungekuwa na maiti na mashamba matupu, na wakubwa wa Crake, masetla wa zamani, wangesema: si tuliwaambia? Nao wangeyarudia mashamba. Hezekiah angebaki na mifugo ya wafu.

Alikwenda garini.

"Kinu kwa Mnara. Nimezipata. Ziko majumbani mwa wakulima, pande zote mbili. Wamedanganywa."

"Vizuri. Kimutai na vijana watatua Eldoret alfajiri, watakufikia saa tatu unusu. Andaa majina. Kila aliyekutwa na bunduki anakamatwa."

"Wamedanganywa, Mnara."

"Sheria ni miaka saba, na kiwanja kinarudi serikalini. Siwezi kuchagua. Mimi nataka bunduki themanini na watu waliozishika. Umesikia?"

Mideva alitazama ng'ambo. Jescah alikuwa amesimama mbele ya nyumba yake isiyomalizika, mtoto mdogo mgongoni, akingoja.

"Nimesikia."

Hakusema atafanya.

Alikaa garini dakika tano, akiwaza hatua kwa hatua, kama mtu anayepanga vifaa mezani. Kisha akatoa kitabu cha amri, akasoma upya amri aliyoitoa asubuhi. Kila mwenye gunia alirudishe. Hakuna mahali ilipoandikwa kwamba gunia liwe na mahindi peke yake. Wala mkaguzi hakutakiwa kuandika nani amerudisha nini.

Akawarudia wale wawili.

"Mnaaminiwa na watu wenu?"

"Mimi ndiyo," Kibiwott alisema. "Huyu sijui."

"Mimi ndiye niliyekukopesha mbegu," Barasa alisema.

"Basi pitieni nyumba kwa nyumba kabla jua halijazama. Kila mmoja kwa watu wake. Bunduki iingie ndani ya gunia la mahindi yaliyooza, katikati kabisa. Kesho saa mbili, foleni. Mtu asiulize, asijibu. Mwenyekiti akitaka mkono, mpeni mkono."

"Na tukikataa kurudisha?"

"Miaka saba. Na hiki," alisema akielekeza kidole kwenye udongo, "kinaondoka."

Wote wawili walitazama chini.

Jumamosi, saa mbili kamili. Jua lilikuwa limekwisha kushika mabati.

Walikuja kutoka pande zote mbili za mto, wanaume kwa wanawake, magunia mabegani, kichwani, juu ya baiskeli za Raleigh. Uwanjani vijana walikuwa wakifunga bendera na kupanga viti vya wageni. Hezekiah alisimama mlangoni mwa ghala na ufunguo wake kiunoni, akiwapa watu mkono, mmoja baada ya mwingine.

"Ubarikiwe. Weka pale. Ubarikiwe." Kisha, sauti ya chini, "Risasi ni saa tatu, mlango wa nyuma."

"Asante, Mwenyekiti," wakasema, wakapita.

Navalayo alitupa lake kwa kishindo. "Mzito huu uchafu wenu!"

Mideva alikuwa ndani, akichoma magunia kwa bambo, akiandika namba za uongo kwenye daftari. Kila mara ncha ilipogonga chuma, alisogea kwenye gunia jingine. Alihesabu kimoyomoyo. Sabini na sita. Sabini na tisa. Barasa aliingia na la mwisho, akaliweka kama anavyolaza mtoto, akatoka bila kumtazama.

Themanini.

Ghala lilinuka hadi macho yaliuma.

Crake aliingia kwa mlango wa nyuma, kitambaa puani. Alipitia juu ya magunia ili afike kwenye masanduku yake. Kiatu chake kikagonga.

Akasimama. Akagonga tena.

Akatoa kisu, akapasua. Punje zikamwagika, na katikati yake ukatokeza mdomo wa Carcano.

Alipogeuka alikuwa na bastola ya Luger mkononi.

"Wewe nani?"

"Mkaguzi wa Nafaka."

"Nani nawatuma rudisha hii?"

"Amri imepigwa mhuri. Iko ukutani."

"Nyinyi tapigana tu," Crake alisema, akikaribia. "Leo ama kesho. Mimi najua nyinyi miaka ishirini."

"Unamjua mtu mmoja, anayelia na peremende mdomoni. Wengine hukuwajua."

Kidole cha Crake kikakaza. Cha Mideva hakikuhitaji kukaza. Bambo ilikuwa tayari mkononi, na asubuhi hiyo ilikuwa imegonga chuma mara themanini. Mara ya themanini na moja ilipita katikati ya mkono wa Crake, chini ya kifundo.

Luger ikadondoka juu ya mahindi bila sauti. Mideva akaikanyaga. Kabla Crake hajamaliza kuvuta pumzi ya kupiga kelele, Beretta ilikuwa chini ya kidevu chake.

"Kaa juu ya masanduku yako, Kapteni. Hata jana ulikaa hapo."

Akakaa.

Saa tatu na dakika ishirini na nane, Peugeot mbili nyeupe ziliingia uani. Kimutai alishuka wa kwanza. Mrefu, miwani nyeusi, daftari mkononi. Vijana wake wakamtoa Crake kwa mlango wa nyuma, wamemfunga mkono kwa kitambaa chake mwenyewe. Hezekiah walimkuta bado mlangoni, bado akitoa mkono.

Kimutai alipasua magunia matano, akaridhika. "Zote?"

"Themanini. Na risasi."

"Majina ya walionazo?"

"Ghala lina kufuli moja," Mideva alisema. "Ufunguo ni mmoja. Uko kiunoni mwa yule."

"Mnara alisema ziko majumbani."

"Zilikuwa. Nimezikuta hapa. Wewe pia umezikuta hapa."

"Na wakulima?"

"Walirudisha mahindi mabaya, kama walivyoamriwa."

Kimutai alivua miwani. Alitazama amri ukutani, akatazama uwanja, ambako wanawake walikuwa wameanza kuimba na mtu alikuwa akijaribu kipaza sauti. Akafunga daftari.

"Mnara atakupigia kelele."

"Najua masafa yake. Nitazima."

Hezekiah alipopitishwa mbele ya Mideva, pingu zikiwa zimefunikwa kwa koti la suti, alisimama. Sauti yake ilikuwa bado ya ibada.

"Bi Mkaguzi, wewe una akili. Niambie. Mimi nimempiga nani risasi? Nimemwaga damu ya nani? Hata sindano sijamchoma mtu. Niliwasikiliza hofu zao, basi. Niliomba nao."

Midomo yake iling'aa kwa peremende. Akatoa mkono, pingu na yote, ule mkono laini wenye unyevu, akangoja ushikwe.

Kwa miezi mitatu Mombasa Mideva alinusa maini ya papa yakichemka, na jana alimeza matonge mawili ya uvundo uleule bila kukunja uso. Sasa alirudi nyuma hatua moja.

"Mtoeni hapa," alisema. "Watu wanataka kuanza."

Saa nne kamili afisa mgeni alifungua sanduku la barua. Uwanja ulinyamaza. Hakuna aliyejua ni nini ambacho hakikutokea, isipokuwa wale waliorudisha bunduki, na hao walikuwa wakitazama miguu yao.

Mideva alikuwa garini, injini ikinguruma, kioo kimeshushwa.

"Namba thelathini na tisa. Kibiwott."

Makofi. Jelagat alipiga kigelegele kirefu hadi kikaungwa mkono na upande wa pili.

"Namba arobaini na moja. Barasa."

Barasa hakusimama mara moja. Aligeuka kushoto, akageuka kulia, kama mtu anayengoja kushikwa bega. Hakuna aliyemshika. Jescah alimsukuma mgongoni, na akaenda mbele akijipangusa mikono kwenye suruali, njia nzima hadi mezani.

Mideva akaingiza gia.

Redio iliita mara mbili chini ya kiti. Hakuijibu. Alipita Kaburengu, akaegesha kwa utaratibu pembeni mwa barabara, akavuta breki ya mkono, akafungua mlango, akainama nje na kutapika yote ya siku mbili. Akasukutua kwa maji ya debe. Akatoa kioo kidogo, akapaka rangi ya midomo.

Kisha akachukua simu ya upepo.

"Kinu kwa Mnara. Nafaka imekaguliwa. Nipe kazi nyingine."

Akafunga kabla sauti haijajibu, akaondoka kuelekea Kakamega, vioo vyote vikiwa wazi.